Makongolosi hadi Mbeya: Safari ya mama mwenye kisukari cha mimba

MAKONGOLOSI huamka mapema. Kabla jua halijachomoza, bodaboda zimeshajipanga stendi, mama lishe wamewasha mkaa, na harufu ya maandazi imetangulia hata mwanga. Wachimbaji wanaokwenda kwenye maduara hunywa chai wakiwa wamesimama, kisha hupotea upande wa machimbo.

Asubuhi nyingine, katikati ya watu hao huwapo mama mjamzito ambaye hanunui kitu. Hajala tangu jana usiku. Muuguzi wa kliniki amemwambia akapime sukari akiwa hajaweka chochote mdomoni isipokuwa maji. Mkononi ana kadi ya kliniki ndani ya bahasha, na kwenye kikapu amebeba mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu, vya kula akishamaliza kipimo.

Mama huyu si mtu mmoja. Ni mke wa mchimbaji, ni muuza mbogamboga, ni mwalimu wa shule ya msingi, ni mkulima wa tumbaku wa kijiji cha jirani. Kinachowakutanisha kwenye basi moja ni ugonjwa ambao kwa kawaida hauumi wala hauonekani kwa macho: kisukari cha mimba.

Mji unaojua mizani

Makongolosi ni mji mdogo wa Wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, katika ukanda wa dhahabu wa Lupa. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na tangu hapo watu wamekuja, wameondoka na wamerudi kuifuata. Mwaka huohuo, mwezi Januari, mbali kabisa na Chunya, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya insulini katika mji wa Toronto nchini Canada. Alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kisukari kwa dawa hiyo. Kabla ya hapo, mwanamke mwenye kisukari aliyeshika mimba alikuwa na nafasi ndogo sana ya kuivusha salama, yeye na mtoto wake.

Leo insulini ni dawa inayojulikana kila mahali. Lakini dawa haiwezi kumsaidia mama ambaye hajui kwamba sukari yake imepanda.

Na kujua kunataka kipimo. Jambo hilo mtu wa Makongolosi hahitaji kufundishwa sana. Kwenye meza ya mnunuzi wa dhahabu, punje ndogo kuliko mchele huwekwa kwenye mizani, na hakuna mchimbaji anayekubali kuambiwa bei kwa kukadiria tu kwa macho. Sukari ya damu ni hivyohivyo. Mama anaweza kuwa na uso unaong'aa, akawa na hamu ya kula, akafanya kazi zake zote, na bado sukari yake ikawa juu kuliko inavyotakiwa.

Sababu iko kwenye kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto tumboni. Kondo hutoa homoni zinazofanya insulini ya mama isifanye kazi kwa nguvu yake ya kawaida. Kwa wanawake wengi kongosho huongeza insulini na mambo huenda sawa. Kwa wengine haiwezi kufikia kiasi kinachohitajika, na sukari hubaki kwenye damu. Hali hii hujitokeza zaidi kuanzia mwezi wa sita, ndiyo maana kipimo chake hufanywa mimba ikiwa na wiki 24 hadi 28.

Si jambo la wachache. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba, duniani kote, karibu mtoto mmoja kati ya sita wanaozaliwa hai hutoka kwenye mimba iliyokuwa na sukari ya juu. Aliye kwenye hatari zaidi ni mama mwenye uzito mkubwa, aliyewahi kujifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi, aliyewahi kupata kisukari cha mimba, aliyepoteza mtoto tumboni bila sababu kujulikana, au ambaye mzazi au ndugu yake wa damu ana kisukari. Hata hivyo, wapo wanaokipata bila kuwa na dalili yoyote kati ya hizo.

Mkojo peke yake hautoshi

Wapo akina mama wanaorudi kliniki wakiwa na amani kwa sababu kipimo cha mkojo hakikuonyesha sukari. Amani hiyo inaweza kuwa ya bure. Mjamzito anaweza kuwa na sukari ya juu kwenye damu na mkojo usionyeshe kitu. Na mwingine mkojo wake unaweza kuonyesha sukari ilhali damu yake iko sawa, kwa kuwa figo hubadilika wakati wa mimba. Mkojo ukileta wasiwasi, jibu liko kwenye damu.

Kipimo kamili hufanywa hivi. Mama hufika akiwa hajala kwa saa 8 au zaidi. Hutolewa damu, kisha hunywa maji yaliyoyeyushwa gramu 75 za glukosi. Hutolewa damu tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kisukari cha mimba kipo ikiwa sukari ya kabla ya kula ni 5.1 au zaidi, au ya saa moja ni 10.0 au zaidi, au ya saa mbili ni 8.5 au zaidi. Namba moja tu ikifika, inatosha. Ikiwa ya kabla ya kula ni 7.0 au zaidi, au ya saa mbili ni 11.1 au zaidi, hicho huhesabiwa kuwa kisukari kamili, na mama anahitaji daktari bila kuchelewa.

Kilomita 111

Kutoka Makongolosi hadi Chunya mjini ni kilomita 39 za lami. Barabara inapita kwenye miombo, kwenye mashamba na vijiji vyenye mabani ya kukaushia tumbaku, na kandokando yake panauzwa mkaa na asali. Wapo wanaomaliza shida yao Chunya, kwenye hospitali ya wilaya. Anayehitaji daktari bingwa huendelea na safari.

Toka Chunya hadi Jijini Mbeya ni kilomita 72 nyingine. Hapo ndipo basi linapoanza kupanda. Joto la Lupa linabaki chini, kona zinaongezeka, na ukifika msitu wa Kawetere ukungu unaweza kuifunika barabara mchana kweupe. Abiria hufunga madirisha na kuvaa masweta. Kuna mahali juu ya safu hizo ambapo wageni husimama kupiga picha, maana Bonde la Usangu linaonekana lote chini kama mkeka uliotandazwa. Mama asiyekula tangu usiku hana haja ya picha. Anahesabu kona zilizobaki.

Anayejua safari hii huipanga. Akiwa na ndugu Mbeya, huenda siku moja kabla, akalala huko, akaamka na kwenda kupima akiwa hajala. Hilo ni salama kuliko kukaa na njaa barabarani kwa saa nyingi, hasa kwa mama ambaye tayari anatumia insulini. Huyo hapaswi kufunga safari bila kula kabla ya kuuliza muuguzi wake.

Mbeya mjini, akina mama wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini huelekezwa Meta, kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Huko hukutana wa Chunya, wa Rungwe, wa Kyela, wa Songwe. Kila mmoja ana vikapu vyake na lafudhi yake, lakini swali kwenye benchi ni lilelile: "Mwenzangu, wewe sukari yako imesoma ngapi?"

Namba kwenye daftari

Kazi kubwa hufanyika baada ya kurudi nyumbani. Daktari hawezi kumwita mama wa Makongolosi Mbeya kila siku. Kwa hiyo mama hurudi na mashine ndogo ya kupimia sukari, kopo la vipande vya kupimia, visindano vya kutobolea kidole na daftari.

Kwa kawaida huelekezwa kupima mara nne kwa siku: akiamka kabla ya kula, kisha baada ya kila mlo mkuu. Namba zinazolengwa na madaktari wengi ni chini ya 5.3 kabla ya kula, chini ya 7.8 saa moja baada ya kuanza kula, au chini ya 6.7 saa mbili baadaye. Mashine nyingine husoma kwa kipimo tofauti na kuonyesha namba kubwa, kama 95, 140 na 120. Ni sukari ileile. Mama akiona 95 asishtuke, aulize mashine yake inasoma kwa kipimo gani.

Kosa linalowapata wengi ni mikono. Aliyemenya embe na kupima papo hapo atapata namba ya embe, si ya damu yake. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, ikaushwe kabisa. Kidole kitobolewe pembeni, kwani ncha ndiyo inayouma zaidi. Damu isipotoka, mkono ushushwe chini na kusuguliwa taratibu kuanzia kiganjani. Kukamua kwa nguvu kunaweza kuharibu jibu. Kisindano ni cha mtu mmoja. Hakiazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja.

Kuna suala la fedha. Kupima mara nne kwa siku ni vipande 28 kwa wiki. Kopo la vipande 50 huisha kabla ya wiki mbili kukamilika. Mahali ambapo mume hulipwa pale tu mawe yakitoa, hesabu hiyo huleta ukimya mezani. Mama asiyeweza kununua vipande vyote asiache kupima kabisa, wala asione aibu kusema. Amwambie muuguzi, wapange pamoja: pengine kupima kila asubuhi na kuzungusha milo, leo baada ya kifungua kinywa, kesho baada ya chakula cha mchana, keshokutwa baada ya cha usiku. Namba chache za kweli humsaidia daktari. Namba za kubuni, zilizojazwa kwenye daftari usiku wa kuamkia kliniki, zinaweza kumfanya apunguze au aongeze dawa isivyofaa.

Jikoni ndiko kwenye mabishano

Mbeya ni nchi ya chakula. Mchele wa Kyela, ndizi na maparachichi ya Rungwe, viazi mviringo vya milimani, vyote hupanda magari na kufika hadi Makongolosi. Ndiyo maana mama anayeambiwa apunguze chakula hupambana kwanza na watu wanaompenda.

"Mwanangu, kula. Mko wawili," husema mama mkwe, huku akiongeza ugali kwenye sahani.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Mtoto atazaliwa na njaa huyo."

Bibi hana nia mbaya. Kwa macho yake, mtoto mkubwa ni heshima ya nyumba. Ila sukari inayozidi kwenye damu ya mama huvuka na kumfikia mtoto. Mtoto huinenepesha kuwa mafuta, hasa mabegani na tumboni. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2008, uliowafuatilia zaidi ya wajawazito 23,000 katika nchi tisa, ulionyesha kwamba kadiri sukari ya mama inavyopanda, ndivyo uwezekano wa mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi na mama kujifungua kwa upasuaji unavyoongezeka. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukwama mabega wakati wa kutoka. Mama naye huwa kwenye hatari zaidi ya kifafa cha mimba. Na sukari isiyodhibitiwa inaweza kumuua mtoto tumboni katika wiki za mwisho. Hilo ndilo bibi anapaswa kuelezwa, kwa adabu, na ikiwezekana na muuguzi mwenyewe siku akisindikizwa kliniki.

Mama halazimiki kula chakula cha peke yake. Ugali unabaki, ila uwe wa dona na ukubwa wa ngumi yake, si mlima. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kabichi au majani ya maboga. Maharage, dagaa, samaki, mayai au nyama vijaze sehemu iliyobaki. Wali uliwe kidogo, pamoja na maharage na mboga. Parachichi linaruhusiwa. Matunda yaliwe mazima, kipande kimoja kwa wakati, na juisi iachwe.

Vinavyopandisha sukari haraka ni soda, juisi, chai yenye sukari nyingi, uji mwembamba wa sembe uliokolezwa sukari, na maandazi ya asubuhi. Asali nayo imo. Wilaya ya Chunya ina asali nzuri, na wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa ni ya porini haina madhara. Kwenye damu, asali ni sukari.

Baada ya kula, kutembea taratibu dakika 10 hadi 15 husaidia kushusha sukari. Makongolosi kuna joto mchana, kwa hiyo jioni ndiyo nzuri, na mume akiwa amerudi huwa ni nafasi ya kuzungumza.

Joto, chungu na insulini

Wengi huweza kudhibiti sukari kwa chakula na mwendo peke yake. Namba zikiendelea kuwa juu, daktari huongeza dawa, mara nyingi insulini. Insulini haivuki kwenda kwa mtoto, na kuianza haina maana kwamba mama ameshindwa.

Tatizo la tambarare ya Lupa ni joto. Insulini huharibika ikiachwa juani au chini ya bati. Nyumba isiyo na jokofu inaweza kutumia chungu cha udongo: chupa ifungwe vizuri kwenye kitu kisichopitisha maji, iwekwe ndani ya chungu kidogo, na chungu hicho kikae ndani ya kingine chenye mchanga uliolowana, kivulini. Vipande vya kupimia navyo vibaki kwenye kopo lake, limefungwa, mbali na jiko na dirisha lenye jua.

Anayetumia insulini lazima ajue upande wa pili pia. Akitetemeka, akitoka jasho la ghafla, moyo ukaenda mbio au akachanganyikiwa, huenda sukari imeshuka. Apime, ikiwa chini ya 3.9, anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au nusu chupa ya soda, kisha apime tena baada ya dakika 15. Mume, dada wa kazi na hata mtoto mkubwa wafundishwe hili. Asipoweza kumeza, asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

Wiki za mwisho

Kuanzia mwezi wa nane, umbali unaanza kuwa na maana nyingine. Mama mwenye kisukari cha mimba anapaswa kujifungulia hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji na kumhudumia mtoto mchanga, na mara nyingi madaktari hawapendi mimba yake ipite wiki 40. Familia iamue mapema: atajifungulia wapi, atalala kwa nani akisubiri, nani atabaki na watoto, na nauli iko wapi.

Kila siku asikilize mtoto anavyocheza. Akiona amepunguza kucheza, akiumwa sana kichwa, akiona ukungu machoni, akivuja damu au maji, asisubiri siku ya kliniki. Namba ya dharura ya usafiri wa wajawazito na watoto wachanga, chini ya mpango wa M-mama, ni 115, na kupiga ni bure. Iandikwe ukutani, iwe pia kwenye simu ya baba na ya jirani.

Mtoto akishatoka, sukari yake inaweza kushuka ghafla, kwa sababu alizoea kupokea nyingi kutoka kwa mama. Ndiyo maana awekwe titi ndani ya saa moja, na wauguzi humpima kwa tone la damu la kisiginoni. Kwa mama wengi sukari hurudi kawaida mara kondo linapotoka. Lakini hadithi haijaisha hapo. Wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua apime tena, kisha arudie kila mwaka mmoja hadi mitatu, kwa sababu aliyewahi kuwa na kisukari cha mimba ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha kudumu baadaye. Kipimo hicho ndicho kinachosahaulika zaidi. Mtoto ana chanjo, nyumba ina wageni, na mama anajiona mzima.

Wapo wanaokikumbuka. Hao hupanda tena basi la alfajiri, mtoto akiwa mgongoni, mayai ya kuchemsha kwenye kikapu. Stendi ya Makongolosi maandazi yanakaangwa kama kawaida. Basi linaondoka, linapita miombo, linapita Chunya, linaanza kupanda. Kwenye baridi ya Kawetere mama huvuta khanga na kumfunika mtoto vizuri, kisha huendelea kuhesabu kona.